Kwa Nini Injini ya 404 ya Baba Haitoki

Ushauri ulikuwa mmoja, kutoka kwa kila aliyesimama uani kwetu hapa Tororo akachungulia chini ya boneti ya pikapu ya Baba, Peugeot 404: toa hiyo injini, tafuta ya Toyota iliyotumika, pachika, endesha. Alisema hivyo fundi wa kwanza tuliyemwita, akasema jirani anayeuza saruji, akasema kaka yangu kwa simu kutoka Kampala, na kaka yangu huyo alijifunza kuendesha kwenye pikapu hii hii. Nawaelewa. Spea za Toyota unazipata hata kwenye senta ndogo ya kando ya barabara. Za Peugeot 404 ni za kuulizia mji hadi mji. Ila mimi nafundisha fizikia, na siku Baba aliponikalisha mbele ya ile injini ikiwa imefunguliwa, akanionyesha kipande baada ya kipande, niliamua haitoki. Nimeulizwa sana sababu, basi leo naziandika.

Kwanza gari lenyewe. Ni 404 ya mizigo, yenye kabini ya watu watatu na bodi refu la nyuma linalofunikwa turubai. 404 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia, na pikapu ikaja baadaye. Kwa watu wa rika la Baba, jina hilo lilitengenezwa na mbio za magari za East African Safari, zilipokuwa bado zinapita Kenya, Uganda na Tanzania. 404 ilizishinda mwaka 1963, ikazishinda tena 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati alichukua Bert Shankland wa Tanzania akiwa na Chris Rothwell. Ya kwanza na ya mwisho walichukua Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katika kila moja ya hizo mbili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine mengi yamemezwa na matope. Baba anasema hilo la matope ndilo lililomfanya anunue Peugeot. Gari zuri la lami halikuwa na maana kwa mtu aliyetaka kubeba abiria na pamba kwenye barabara zetu za udongo.

Aliinunua ikiwa imetumika, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Aliweka mabenchi mawili ya mbao nyuma, akafunga turubai, akaanza kubeba watu kati ya Tororo, Busia na Mbale. Kiswahili cha nyumbani kwetu kimetoka huko pia: Baba ni Mjapadhola, Mama amelelewa kwenye nyumba za reli ambako watu wa kila kabila walikutana, na abiria walikuwa wa lugha zote. Hata leo sijui kuitaja breki au klachi kwa Dhopadhola, lugha ya Baba. Gari, kwetu, ni kitu cha Kiswahili.

Vita vya 1979 vya kumng'oa Idi Amin vilipokaribia, wenye magari walianza kuyalemaza wenyewe ili yasichukuliwe. Baba alivua magurudumu yote manne akayapeleka kwa wajomba kijijini, na Mama akaificha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ndani ya kopo la unga wa mtama. Akikumbuka hilo Mama huonyesha kwa mikono jinsi kopo lilivyokuwa, na hupenda watoto wangu wamuulize tena. Gari lisilo na distribyuta halina mtu wa kuliiba. Likabaki letu.

Baadaye zikaja kamunye, zile Hiace za abiria, na hakuna aliyetaka tena kukaa kwenye benchi chini ya turubai. Pikapu ikabeba matofali, ikabeba mahindi, kisha ikaegeshwa chini ya mwembe ikakaa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipoanza kuja na mizani yake, Baba hakusema neno, lakini Mama alinipigia simu. Jioni hiyo mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba likizo za watoto sasa zina kazi.

Sasa niseme habari ya injini.

Ina ujazo wa sentimita 1618 za ujazo, silinda nne, na imelazwa upande kwa pembe ya digrii 45. Ukifungua boneti unaona kabureta ya Solex na plagi vyote viko mahali ambapo mkono unafika bila kujikunja. Bloku ni ya chuma cha kuyeyusha, hedi, kifuniko chake cha juu, ni ya aluminiamu. Lakini kilichonishika ni silinda zake. Kwenye injini nyingi silinda ni tundu lililotobolewa ndani ya bloku lenyewe. Likishalika, unalipeleka kwenye mashine likapanuliwa, unaweka pistoni kubwa zaidi, na ukishapanua hadi mwisho bloku limekwisha. Hapa kila silinda ni silivu, yaani bomba la chuma, inayosimama yenyewe ndani ya bloku, maji ya kupoozea yakiizunguka na kuigusa. Ikilika, unaivuta, unaweka nyingine mpya na pistoni yake, na bloku ni lile lile. Waliobuni kitu hiki walifikiria mtu aliye mbali na kiwanda, ambaye miaka itapita na atataka kuanza upya kwa kutumia alichonacho. Kuitoa injini ya namna hii kwa sababu silinda zimelika ni kuvunja nyumba kwa sababu nyasi za paa zimeoza.

Silivu na pistoni, zote za kipenyo cha milimita 84, tulizipata Nairobi, kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, baada ya soko la spea la Kisekka pale Kampala kutupatia ringi na gasketi tu. Zilikuwa bado na grisi ya kiwandani. Kilichonisumbua ni nani ataziweka, kwa sababu silivu haziingizwi kwa nguvu tu. Chini yake kuna sili nyembamba, za unene mbalimbali, na unazichagua mpaka mdomo wa kila silivu usimame juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo mno, sehemu chache za mia za milimita, na silivu zote nne zilingane. Zikiwa chini, gasketi haibani na maji yanaingia kwenye oili. Zisipolingana, hedi inakaa mshazari na gasketi inaungua.

Tulimpata mtu Mbale. Ni fundi mzee, ameacha kazi za gereji, anafuga kuku. Nilipomwambia 404 aliuliza swali moja: ina injini yake? Nikamjibu ndiyo. Akamwita mjukuu amletee koti. Alikuja na sanduku la mbao lenye filageji, zile bapa nyembamba za kupimia nafasi, na rula ya chuma iliyonyooka kabisa, vitu alivyovitunza kwa vitambaa, akakaa kwenye kigoda mbele ya bloku asubuhi nzima, akiweka sili, akipima, akitoa, akiweka nyingine. Mwanangu wa kiume, ambaye kwa kawaida hakai kitako hata kwa chakula, alikaa naye. Mzee alimshikisha kidole juu ya mdomo wa silivu akamwambia, "Babu, funga macho. Unasikia ukingo? Sasa gusa na hii. Ipi iko juu?" Mtoto akapatia. Wakapima kwa rula na filageji, na jibu lilikuwa lile lile.

Hapo ndipo nilipopata sababu yangu ya pili, na kwangu sasa imekuwa kubwa kuliko ya kwanza. Yule mzee anajua kitu ambacho fundi kijana hapa mjini hajawahi kupata nafasi ya kukijifunza, kwa sababu injini za namna hii zinatolewa na kuuzwa kwa kilo. Tungeweka ya Toyota, gari lingetembea, na ujuzi wake ungebaki bandani na kuku. Kidole cha mtoto wangu sasa kinajua ukingo wa silivu. Hiyo ni mali.

Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha tatu, alichukua upande wa umeme, na kazi yake ninayoipenda ni ya feni. Feni ya 404 haizunguki muda wote. Ndani ya kitovu chake kuna koili ya waya, na kipande kidogo cha kaboni kinachoiegemea ndicho kinachoipelekea umeme wakati kitovu kinazunguka. Maji yakipata moto, swichi ya joto inafunga saketi, koili inageuka sumaku, sumaku inaivuta feni izunguke pamoja na puli. Maji yakipoa, umeme unakatika na feni inaachwa huru. Injini haipotezi nguvu kuzungusha feni asubuhi ya baridi. Wamefanya hivyo miaka ya sitini, kwa vitu vile vile ninavyochora ubaoni kila mwaka: msumari, waya, betri.

Ya kwetu ilikuwa imefungwa kwa bolti moja kwa moja, kama zilivyofanyiwa nyingi, kwa kuwa ni rahisi kufunga bolti kuliko kutafuta kwa nini umeme haufiki. Binti yangu alitoa bolti. Alipima koili akakuta nzima. Waya ulikuwa umekatika, na kaboni imelika yote. Akachukua kaboni ya mashine ya kukatia vyuma iliyokufa, akaisugua kwa msasa mpaka ikaingia. Swichi aliijaribu jikoni, kwenye sufuria ya maji ya moto, huku taa ndogo ikiwa imeunganishwa ili aone inapofunga. Ilipowaka alipiga kelele hadi Mama akatoka nje. Kisha akaongeza kitu ambacho Wafaransa hawakukiweka: taa ya kijani kwenye dashibodi inayowaka kila feni inaposhikwa. Nimeifundishia darasa langu zima sumaku-umeme kwa kuwapeleka kwenye gari hilo, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza somo hili litamfaa nini.

Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa habari ya Baba. Kwenye 404 ni skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, na inakwenda kimya sana, lakini chuma kinasugua bronzi muda wote, kwa hiyo inataka mafuta yanayong'ang'ania. Peugeot waliagiza mafuta yenye asili ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii inayoota nyuma ya choo. Baba hakumruhusu mtu mwingine aguse bolti ya kumwagia. Aliyamwaga ya zamani, akasafisha ndani, akasubiri yatoneke hadi tone la mwisho, kwa sababu nyonyo ikichanganyika na oili ya kawaida inafanya gundi. Mafundi wengi waliua difu hizi kwa kumimina oili ya gia ya kawaida juu ya ile iliyokuwamo. Baba anaweza kulizungumzia jambo hilo tangu chai hadi chakula cha mchana.

Bodi sitalisemea sana. Sakafu ya kabini ilikuwa imeliwa na kutu, ikakatwa, bati jipya likachomelewa. Mihimili ya nyuma ilikuwa mizima. Rangi ya kabini ni ile ya kijivu-maziwa tuliyoikuta imejificha chini ya dashibodi. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mlango wa nyuma, ambao Baba aliuandikisha kwa brashi enzi za abiria: MTAKA CHA MVUNGUNI. Maneno mawili ya mwisho ya methali aliwaachia abiria wamalizie. Mume wangu alitaka upakwe upya ung'ae kama kabini. Mimi nilikataa. Herufi zimefifia, moja imepotea nusu kwa sababu ya kamba za mizigo, na huo ndio mwandiko wa kazi ya Baba. Tuliusafisha kwa sabuni, tukaupaka nta, basi. Baba mwenyewe, alipoulizwa, alisema tu kwamba hata injini ya gari hili imeinama, kwa hiyo maneno yabaki.

Siku lilipowaka hatukutumia stata. Bampa la mbele lina tundu la hendeli, na Baba alitaka liamshwe kwa mkono kama alivyokuwa akiliamsha betri ilipokuwa anasa. Alimwonyesha mume wangu namna ya kushika, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine ili hendeli ikirudi nyuma isivunje mkono. Injini ikakohoa, ikakataa. Fundi mzee akagusa distribyuta kidogo. Ikashika.

Kuliendesha kunataka utulivu. Gia iko kwenye usukani, nne za kwenda mbele. Breki ni za ngoma na mguu ndio unaofanya kazi yote, kwa hiyo unaacha nafasi kubwa mbele yako na hufuati lori kwa karibu. Tumefunga mikanda mitatu kwenye siti ya kabini, na hakuna anayepanda nyuma tukiwa kwenye barabara kuu, hata akilia. Zamani watu walikaa huko, najua, na Baba hunikumbusha. Lakini kwenye barabara kuu nyuma ya gari ni pa mizigo. Wanaokosa nafasi wanakuja na gari letu lingine, na zamu za kabini zimeandikwa kwenye mlango wa friji.

Safari tunayoipenda ni ya Kapchorwa. Unatoka hapa kupitia Busiu na Nabumali, Mlima Elgon ukiwa kulia kwako, unaingia Mbale, unapita Sironko, kisha barabara inaanza kupanda kwa kona kuelekea Sipi. Hapo ndipo 404 inapotoa hesabu yake. Unashuka gia ya tatu, kisha ya pili, na unaiacha ivute kwa mwendo wake. Taa ya kijani inawaka, feni inasikika ikishika, mshale wa joto unasimama pale pale. Ikifika tambarare fupi taa inazima. Binti yangu haangalii maporomoko ya Sipi, anaangalia taa yake. Sipi iko kama mita 1800 juu ya bahari, na hewa inavyopungua uzito kabureta inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha Tororo, basi injini inakuwa nzito kidogo. Baba anausikia uzito huo kabla yangu. Anasema, "Mwanangu, iache ipumue," nami nalegeza mguu, na kweli inakwenda vizuri zaidi.

Turudipo tunabeba. Hili kwangu ni sharti. Magunia ya viazi, kabichi, kitunguu ikiwa msimu wake, mikungu ya matoke kutoka soko la Mbale. Limekwisha beba mabati ya shangazi yangu, viti na masufuria ya misiba miwili ya jirani, na kitanda cha mwalimu mwenzangu aliyehamia Malaba. Wapo watu wazuri wanaotengeneza magari ya zamani yakasimama kwenye maonyesho, yakifutwa kwa kitambaa, nami nafurahi kuyaona. Letu ni pikapu. Springi zake zikilalia mzigo kidogo, gari linatulia barabarani kuliko likiwa tupu, na mtu yeyote aliyewahi kuliendesha atakuambia hivyo.

Kaka yangu alikuja sikukuu zilizopita akaliendesha hadi Nagongera na kurudi. Aliporudi alizima, akakaa kwenye usukani, kisha akauliza kama zile silivu bado zinapatikana Nairobi, kwa sababu kuna mtu anamjua Kampala aliye na 404 ya saluni, ile ndogo ya abiria, na ameambiwa atoe injini. Nimempa namba ya fundi mzee.

Kwa sasa silinda za breki za nyuma zinavuja, na mpira wake haujapatikana Kisekka. Tumesikia kuna bodi la 404 nyingine limelala nyuma ya kinu kule Soroti, milango mizima, ngoma za breki zikiwa bado zimo. Tunakwenda Jumamosi. Fundi mzee amesema lazima aje akaone mwenyewe, Baba hakubali kubaki, na mwanangu ndiye mwenye zamu, kwa hiyo kabini imejaa na mimi nitafuata nyuma na gari lingine, nikiwa na spana na chakula.